Vyombo vya Kupenyezea Vifuko vya Titi kwa Mpasuo Mdogo: Maelezo, pamoja na Maneno Yake

Makala haya yameandikwa kwa nia mbili. Kwanza, ni kumweleza msomaji asiye mganga jinsi madaktari wapasuaji wanavyoweza kutia kifuko kikubwa ndani ya kifua cha mwanamke kwa kupitia mpasuo mdogo, na vyombo wanavyovitumia kwa kazi hiyo. Pili, ni kuyapima maneno ya Kiswahili yanayotumika, au yanayoweza kutumika, katika kuyaeleza mambo haya. Nia hizi mbili haziachani, kama itakavyoonekana.

Nilisukumwa kuliandikia jambo hili na tukio lililonipata nilipokuwa nikisoma Uingereza. Niliombwa siku moja niwe mkalimani baina ya daktari mpasuaji na mama mmoja, mtu wa pwani yetu, aliyekuwa ameondolewa titi kwa ajili ya saratani. Daktari alitaka kumweleza jinsi titi linavyoweza kujengwa upya kwa kutiwa kifuko cha silikoni. Nami, bila ya kufikiri sana, nikalitumia neno nililolizoea katika orodha za istilahi: kipandikizi. Yule mama akanitazama kwa mshangao, akasema, "Mwanangu, mimi nina wajukuu sita. Vipandikizi vya uzazi wa mpango vya nini tena?" Nikajaribu kujisahihisha kwa kusema kwamba ni kupandikiza titi. Hapo akashtuka zaidi, akauliza titi hilo latoka kwa nani, na kama mwenyewe yu hai.

Kosa lilikuwa langu. Mtu alikuwa karibu kutia sahihi karatasi ya ridhaa juu ya jambo asilolifahamu, na aliyemfumba macho ni yule yule aliyeletwa amfumbue. Tangu siku ile nimeona kwamba hakuna awezaye kuchagua maneno ya kazi fulani kabla ya kuifahamu kazi yenyewe. Basi na tuanze na kazi.

I. Kitu kinachotiwa

Kifuko cha kwanza cha silikoni kilitiwa kifuani mwa mwanamke mwaka 1962, mjini Houston, katika jimbo la Texas, Marekani. Madaktari waliokibuni walikuwa Thomas Cronin na Frank Gerow. Kifuko hicho kilikuwa na ganda la silikoni, na ndani yake silikoni nyingine iliyo laini, mfano wa uji mzito ulioganda. Miaka michache baadaye, huko Ufaransa, kulitokea kifuko cha aina ya pili: ganda lile lile la silikoni, lakini likiwa tupu, ambalo hujazwa maji ya chumvi baada ya kuingizwa mwilini. Aina hizi mbili ndizo zinazotumika mpaka leo, ingawa maganda na vitu vya ndani vimebadilishwa mara nyingi.

Kwa habari ya mpasuo, tofauti ya aina hizi ni kubwa mno. Kifuko cha maji huingia kikiwa kitupu. Daktari hukikunja kama mkeka unavyokunjwa, hukipitisha penye nafasi finyu, kisha hukijaza kwa mpira mwembamba ulioshikizwa kwenye kilango chake. Kikisha kujaa, mpira huvutwa ukatoka, na kilango hujifunga chenyewe. Kwa hiyo mpasuo wa sentimeta mbili au tatu humtosha. Kifuko cha uji wa silikoni, kwa upande wake, hutoka kiwandani kimekwisha jazwa na kuzibwa. Hakiwezi kupunguzwa. Kifuko cha mililita 300, yaani kizidicho kidogo kikombe cha chai, huwa na upana wa sentimeta kumi na moja au kumi na mbili hivi kikilazwa. Nao mpasuo wake kwa kawaida ni wa sentimeta nne au tano. Kinapita kwa sababu ni laini na hubadili umbo, lakini hakipiti pasipo nguvu, na nguvu hiyo ndiyo asili ya taabu nyingi tutakazozitaja.

II. Milango minne

Daktari ana njia nne za kuingilia. Njia itumikayo zaidi ni mkunjo ulio chini ya titi, ambapo kovu hufichwa na titi lenyewe. Ya pili ni ukingo wa duara jeusi linaloizunguka chuchu. Ya tatu ni kwapa, nayo haiachi kovu lolote juu ya titi. Ya nne ni kitovu, iliyoanzishwa huko Houston mwanzoni mwa miaka ya 1990 na Daktari Gerald Johnson na wenzake. Katika njia ya kitovu, bomba hupitishwa chini ya ngozi na mafuta ya tumbo, juu ya misuli, mpaka kifuani; na kwa kuwa njia ni ndefu na nyembamba, kwa kawaida hutumika kwa vifuko vya maji tu.

Mlango wowote utakaochaguliwa, mwisho wa safari ni mmoja. Kifuko hukaa ama nyuma ya tezi ya maziwa, ama nyuma ya msuli mkubwa wa kifua, wote au sehemu yake. Mahali hapo hapana uwazi wa asili. Tabaka za mwili zimeambatana, nazo hazina budi kutenganishwa ili ipatikane nafasi ya kifuko. Hivyo kazi ina sehemu tatu: kupasua, kufungua nafasi, na kupenyeza. Vyombo navyo vyagawanyika kwa mafungu hayo matatu.

III. Vyombo vya kufungua nafasi

Baada ya ngozi kupasuliwa kwa kisu cha kawaida, daktari mara nyingi hushika kisu cha umeme, ambacho hukata na papo hapo huiziba mishipa midogo ya damu kwa joto. Damu ikibaki ndani ya nafasi, huganda ikawa donge, na pengine mgonjwa hulazimika kurudishwa chumba cha upasuaji.

Ili aone anachokikata, msaidizi wake huinua nyama kwa chombo kilichopindwa ncha, ambacho wauguzi wengi hukiita ritrakta. Kadiri mpasuo unavyokuwa mdogo, ndivyo mwanga wa taa ya darini unavyoshindwa kufika ndani. Kwa ajili hiyo zikatengenezwa ritrakta zenye taa: nyuzi nyembamba za kioo hupeleka mwanga mpaka kwenye ncha, hata daktari akaweza kuona kilindi cha nafasi kwa kuchungulia katika mwanya usiozidi upana wa vidole viwili au vitatu. Baadhi yake zina na mrija wa kunyonya moshi unaotokana na kisu cha umeme.

Kwapani taabu ni kubwa zaidi, maana mlango uko mbali na mahali pa kazi. Zamani madaktari waliopitia huko walifanya kazi kwa kupapasa. Walitumia fimbo ya chuma iliyopindwa, yenye ncha butu na bapa, wakaisogeza huku na huku mpaka tabaka zikaachana. Chombo hiki hakikati. Hutenganisha vilivyoambatana kwa kusukuma, nacho hakionyeshi mshipa uliopasuka mpaka damu yenyewe itoke. Tangu miaka ya 1990 wengi wamekiongezea endoskopu, yaani mrija mgumu wenye kamera na taa, unaoonyesha picha ya ndani juu ya kioo cha televisheni. Mtu aliyekuwa akipapasa sasa anaona.

Chombo kingine cha kutajwa katika fungu hili ni kibofu cha kutanulia. Hicho ni cha namna mbili, nazo hazifai kuchanganywa. Namna ya kwanza hutumika dakika chache tu: kibofu kitupu huingizwa, hujazwa ili kifungue nafasi kwa msukumo wake, kisha hutolewa. Ndivyo ifanywavyo kwa njia ya kitovu; na katika miaka ya 2020 kampuni moja ya Costa Rica imeiendeleza hila hiyo kwapani, kwa mpasuo usiofika sentimeta tatu, ambapo kibofu hufungua nafasi na chombo maalumu hukisukuma kifuko ndani. Namna ya pili hukaa mwilini majuma au miezi. Mwanamke aliyeondolewa titi huwa hana ngozi ya kutosha kukifunika kifuko. Basi hutiwa kibofu chini ya ngozi au msuli, na kila baada ya siku kadhaa huongezwa maji kwa sindano mpaka ngozi itanuke. Njia hiyo ilienezwa Marekani na Daktari Chedomir Radovan katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980. Yule mama niliyemkalimania alikuwa ameelezwa habari za namna hii ya pili pia.

IV. Vyombo vya kupenyezea

Kwa miaka mingi chombo cha kupenyezea kilikuwa vidole. Daktari alikishika kifuko, akaweka ncha yake penye mpasuo, akakisukuma kidogo kidogo kwa kidole kimoja baada ya kingine. Njia hiyo ina madhara mawili.

Dhara la kwanza ni kwa kifuko. Uji wa silikoni ukibanwa mno huweza kukatika ndani kwa ndani, na ganda lililosukumwa kwa kidole huweza kupata udhaifu mahali pale, likaja kupasuka baadaye. Dhara la pili ni kwa mwili. Kila mtu ana vijidudu juu ya ngozi yake, na vingine ndani ya mirija ya maziwa inayofungukia chuchuni. Kifuko kikiburutwa juu ya ngozi, huvichukua na kwenda navyo ndani. Huko baadhi yao hujijengea utando juu ya ganda, ambao dawa hazipenyi kwa urahisi. Sasa, mwili wa kila mwanamke hukizungushia kifuko utando wa kovu, na hilo si ugonjwa. Lakini kwa wengine utando huo hujikaza, ukakifinya kifuko mpaka titi likawa gumu, likapotoka umbo, na kuuma. Madaktari huyapima madaraja manne ya kujikaza huko, kwa kipimo kilichopewa jina la Daktari Baker wa Marekani. Wengi waamini kwamba utando wa vijidudu ni moja ya sababu zake, ingawa si sababu peke yake.

Hapo ndipo ilipoingia faneli. Daktari Kevin Keller wa Marekani alitengeneza mfuko wa plastiki laini wenye umbo la pia, mpana upande mmoja, mwembamba upande wa pili. Msomaji aliyewahi kumwona mpishi akipamba keki kwa kuukamua mfuko wenye sukari laini amekwisha kukiona chombo hiki. Ncha yake nyembamba hukatwa kwa kipimo cha kifuko kinachohusika. Ndani umepakwa kitu ambacho kikiloweshwa huwa utelezi mtupu. Kifuko humiminwa humo moja kwa moja kutoka katika sanduku lake safi. Ncha ya faneli huwekwa penye mpasuo. Kisha daktari huukamua upande mpana. Kifuko hurefuka, huteleza, na huingia mahali pake kwa dakika moja au chini yake, pasipo kuguswa na mkono wala na ngozi. Msukumo nao huenea juu ya kifuko kizima badala ya kukusanyika penye ncha ya kidole. Faneli hutumika mara moja, kisha hutupwa.

Chombo hiki hakifanyi kazi peke yake. Madaktari wanaofuata taratibu ya kutogusa hubadilisha glovu kabla ya kukishika kifuko, huziba chuchu kwa karatasi ya gundi, na huiosha nafasi kwa dawa. Faneli ni pingili moja katika mnyororo huo.

V. Udogo wa mpasuo si udogo wa kazi

Nalisema jambo hili kwa mkazo, kwani hapa ndipo lugha inapoweza kudanganya. Katika magazeti ya Tanzania tumezoea kusoma habari za upasuaji wa tundu dogo, unaofanywa tumboni kwa kamera na vyombo vyembamba. Huko sifa ya udogo yastahili, maana mara nyingi kinachokwenda ndani na kinachotoka ni kidogo pia. Kwa vifuko vya titi mambo ni mengine. Mlango ukiwa wa sentimeta tatu au wa sentimeta tano, nafasi iliyofunguliwa ndani ni ile ile, sawa na upana wa kifuko. Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi au ya ganzi; misuli yake huguswa; maumivu yake hayapimwi kwa urefu wa kovu. Tena mlango mdogo ulio mbali humfanya daktari ashindwe kuifikia damu inayovuja, hata pengine akalazimika kufungua mlango wa pili.

Wala udogo wa mpasuo haubadilishi tabia ya kitu kilichoingizwa. Vifuko havidumu maisha. Mwaka 2019 kampuni ya Allergan iliviondoa katika masoko ya dunia vifuko vyake vyenye ganda la mkwaruzo wa aina ya BIOCELL, kwa kuwa vilihusishwa na saratani ya nadra inayotokea katika utando unaozunguka kifuko. Mwaka 2021 mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani iliamuru kila kifuko kiuzwe pamoja na onyo kali, na kila mwanamke asomewe orodha ya hatari kabla hajatia sahihi. Mamlaka hiyo hushauri pia kwamba mwenye kifuko cha uji wa silikoni apigwe picha ya ndani baada ya miaka mitano au sita, kisha kila baada ya miaka miwili au mitatu, kwani ganda huweza kupasuka pasipo mwenyewe kuhisi.

VI. Juu ya maneno

Sasa twaweza kuyarudia maneno, tukiwa na vitu vyenyewe mbele yetu.

Kipandikizi ni neno lililoundwa vizuri, lakini limekwisha kuchukuliwa. Kwa wanawake wengi wa Tanzania ni jina la vijiti vya uzazi wa mpango vinavyotiwa chini ya ngozi ya mkono. Na kitenzi kupandikiza, kwa mkulima, ni kuhamisha mche. Kwa hospitali, ni kuhamisha figo kutoka kwa mtu hadi kwa mtu. Yule mama hakukosea hata kidogo. Alilisikia neno kama lisemwavyo. Katika vitabu twaweza kuandika kipandikizi cha titi kwa ukamilifu wake, lakini mbele ya mgonjwa kifuko cha silikoni kinamwambia kitu ni nini na kimefanywa kwa nini. Neno bandia pia limependekezwa. Wako wanaoliogopa kwa sababu ya noti bandia; hata hivyo meno ya bandia na mguu wa bandia hayamvunjii mtu heshima, na titi la bandia lafahamika mara moja.

Kwa tendo la kuingiza napendekeza kupenyeza, na kwa chombo chake kipenyezo. Kitenzi penya hutaja kupita mahali finyu, na umbo lake la kupenyeza hutaja kukipitisha kitu hapo. Wahenga walisema penye udhia penyeza rupia. Na ingawa rupia ile ina harufu ya hongo, maana ya kupita penye upenyo mdogo imekaa sawasawa. Faneli na ibaki faneli, kwani kila mwenye kuuza mafuta ya taa ailewa. Nayo itakuwa aina moja ya kipenyezo.

Kwa fimbo ile butu napendekeza kibanduo, kutokana na kubandua. Kuambua ni kuondoa ganda la nje. Kukata kunahitaji makali. Lakini kubandua ni kuvitenganisha vilivyoambatana, na ndiyo kazi ya fimbo hiyo hasa. Kwa kibofu, kitanuo, kwa kawaida ile ile iliyotupa kifuniko na kipimo. Na yule wa muda mrefu aitwe kitanuo cha kukaa, ili mgonjwa ajue kwamba atarudi nacho nyumbani.

Kwa ritrakta nimeshindwa kupata neno lenye kuridhisha. Kivuto hakijazoewa, na kivutio kimekwisha kupewa watalii. Kulabu ni neno zuri la mabaharia, lakini mwenye bucha naye hutungikia nyama kwa kulabu, na sidhani kwamba mgonjwa angependa kulisikia. Basi wauguzi waendelee na ritrakta yao, na mgonjwa aambiwe kwamba nyama itainuliwa kwa chombo.

Mwisho, mpasuo mdogo usitafsiriwe upasuaji mdogo. Silabi moja iliyoongezwa hugeuza habari ya urefu wa kovu ikawa habari ya uzito wa kazi.

Nilipokwisha kujirekebisha mbele ya yule mama, nilimwambia kwamba ni kifuko kilichotengenezwa kiwandani, hakikutoka kwa mtu. Kwamba kitapenyezwa kwa mpasuo wa kiasi hiki, nikamwonyesha kwa vidole. Lakini kwamba ndani itafunguliwa nafasi ya upana wa kiganja kilichokunjuliwa. Akanyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Na kikiharibika, chatolewa kwa mlango ule ule?" Daktari akajibu kwamba mara nyingine mlango huhitaji kuongezwa, hasa utando wa kovu ukitolewa pamoja nacho. Mama hakutia sahihi siku ile. Alirudi baada ya majuma mawili, akasema kwamba amekaa na jambo lake na ameamua kubaki bila ya kifuko. Lau angeamua kinyume chake, ningeridhika vile vile, maana safari hii alijua alilolikataa.

Wasomaji wenye maneno yafaayo zaidi kuliko haya, hasa wauguzi na wakalimani wanaoyasikia kila siku, wanaombwa kumwandikia Mhariri. Na neno la kuchukua mahali pa ritrakta litapokewa kwa shukrani.